Mkono Uliohitimu

Waliokuwapo asubuhi hiyo walikuwa watano, nao walijipanga kwa utaratibu uleule wa siku zote. Kwenye ncha ya benchi iliyo karibu na jiko alikuwapo Mama Birika, mwenye kahawa, mwenye benchi na mwenye neno la mwisho. Kando yake alikuwapo Karani, aliyestaafu ukarani wa mahakama miaka sita iliyopita lakini hajaacha kuzungumza kana kwamba kuna mtu anayeandika kumbukumbu. Alifuatia Shoka, muuza nyama, ambaye duka lake lilitazamana na benchi kiasi kwamba aliweza kunywa kahawa na kuwakemea nzi kwa wakati mmoja. Wembe, kinyozi, alisimama mlangoni pa kibanda chake, hatua mbili kutoka hapo, kwa sababu alidai kwamba kinyozi akiketi wateja hudhani amefunga. Wa tano alikuwa Fundi, mshona nguo, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama ulivyolala kwa miezi minane, tangu kiharusi kimpitie. Hakuna aliyekosekana. Hakuna aliyetoa udhuru.

Karani alikunjua gazeti, akakohoa mara mbili, akasubiri wanyamaze ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

"Ukurasa wa tano," alitangaza. "Kichwa cha habari: 'Apona Mkono kwa Simu.'"

"Soma, mzee," alisema Wembe.

"'Hospitali imetangaza kwamba Mgonjwa Namba Arobaini na Moja, fundi cherehani aliyepooza mkono wa kulia, amepata nafuu ambayo wataalamu hawajawahi kuiona tangu waanze kutoa tiba ya viungo kwa njia ya simu. Mgonjwa huyo, ambaye hajakanyaga hospitalini kwa wiki kumi na mbili, huvaa bangili inayohesabu mazoezi yake na kupeleka hesabu hiyo kwa wataalamu kila jioni.'" Karani akalishusha gazeti. "Napinga."

"Unapinga nini, na habari hujaimaliza?" aliuliza Mama Birika.

"Napinga kwa ujumla. Mkono hautibiwi kwa simu. Simu ina nini? Ina sauti na ina picha. Mkono unataka mtu aukamate, auvute, mgonjwa apige yowe mpaka majirani watoke nje. Pasipo yowe hapana tiba."

"Mzee Karani, dunia imeshakwenda, wewe umebaki nyuma na mihuri yako," alisema Shoka. "Siku hizi daktari yuko kule, wewe uko huku, na dawa inafika."

"Inapitia wapi?"

"Hewani."

"Basi hata kahawa hii naomba niilipie hewani."

"Thubutu," alisema Mama Birika.

Wembe alijaribu kutoa ushahidi. "Binamu yangu alifundishwa kupika kwa simu. Kila kitu, hatua kwa hatua."

"Akapika?"

"Akaunguza. Lakini alifuata hatua zote."

Fundi alikuwa akikitazama kikombe chake kwa makini ya mtu anayetafuta mahali pa kujificha, na kikombe kilikuwa kidogo. Alijua habari hiyo inaelekea wapi, kwa maana alikuwa ameipata jana yake kwa ujumbe.

"Kuna zaidi," alisema Karani. "'Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba mkono huo hupata nafuu kwa zamu. Jumamosi mgonjwa huonyesha nguvu za bega zisizo za kawaida. Jumatatu nguvu hizo hutoweka, bali vidole hupata wepesi mkubwa. Alhamisi alasiri mkono hutulia, nacho kifundo huzunguka polepole, kwa adabu. Mkuu wa kitengo anaamini kwamba hali ya hewa inahusika.'"

Shoka alijinyoosha kifua. Wembe alizitazama kucha zake. Mama Birika akageuka kupuliza makaa ambayo yalikuwa yakiwaka vizuri kabisa.

"Nguvu za bega zisizo za kawaida," alirudia Shoka taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe.

"Wepesi mkubwa," alisema Wembe. "Wameandika *mkubwa*, mzee? Hebu angalia tena."

"Wameandika mkubwa. Lakini ninyi mbona mnafurahi kama mmetajwa?" Karani akamgeukia mshonaji. "Fundi, wewe si umo katika mpango huohuo? Namba yako ngapi?"

Fundi alikiweka kikombe chini kwa mkono wa kushoto.

"Arobaini na moja," alisema.

Karani akautazama mkono uliolala mapajani. Akalitazama gazeti, kisha mkono, kisha gazeti tena, kama hakimu aliyeletewa vielelezo viwili vya kesi mbili tofauti.

Hapa ni haki msomaji aelezwe mambo kwa mpangilio.

Fundi alipopewa ile bangili, alikuwa mwanafunzi mwema. Kila baada ya siku mbili, saa nne asubuhi, dada wa tiba ya viungo alimpigia simu ya video, akamwagiza ashike kikombe, akiachie, akishike tena, asukume kitambaa juu ya meza, ageuze kiganja. Alikuwa na sauti ya upole isiyokubali visingizio. Mwishoni mwa wiki ya pili dole gumba la Fundi lilisogea upana wa punje ya mchele. Dada yule alipiga makofi peke yake ofisini mpaka mtu akafungua mlango kuuliza kuna nini.

Tatizo lilikuwa bangili. Kila jioni ilijumlisha mazoezi ya siku na kutangaza matokeo kwa sauti, na haikuwa na namna ya kunong'ona. Fundi aliweza kuhangaika na kiwiko chake asubuhi nzima, jasho likamtoka, nayo ikahesabu mara nne. Siku moja mteja alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia, ameshika kitambaa cha suti, bangili ikatamka mbele yake: "Jitihada yako ya leo ni hafifu. Usikate tamaa." Mteja akakikunja kitambaa chake, akasema amekumbuka jambo, akaenda nacho.

Alipolisimulia hilo benchini, Karani akiwa ameshaondoka, Shoka alinyoosha mkono. "Lete hilo dude. Nitalivaa leo mpaka lishibe, halafu lisikuaibishe tena mbele za watu."

Fundi alikusudia siku moja. Lakini uongo ukikaribishwa kwa kikombe kimoja hulala hapohapo. Shoka alikata nyama tangu asubuhi hadi jioni, na saa kumi na mbili bangili ikapiga tarumbeta: mazoezi elfu mbili na mia tatu. Kesho yake simu ya Fundi ilipokea nyota ya kijani. Jumatatu Shoka hafungui duka, kwa hiyo bangili ilihamia kwa Wembe, na mkasi wake ukaendelea kuitajirisha. Kadiri hesabu zilivyopanda, ndivyo simu zilivyopungua, kwa sababu dada yule alikuwa na wagonjwa themanini, na utaratibu ulikuwa kwamba wenye hesabu mbaya hupigiwa simu na wenye hesabu nzuri hupelekewa nyota. Kufikia wiki ya kumi na mbili Fundi alikuwa na nyota sitini na moja, na dole gumba lake lilikuwa limerudi kulala.

Sasa hospitali ilitaka kumhitimisha. Saa nne kamili, siku hiyohiyo, dada angepiga simu ya video pamoja na mkuu wa kitengo. Fundi angefungua na kufunga vifungo vitano vya shati mbele yao, wangemwandika kuwa amepona, wangeichukua bangili wampe mwingine, na mlango wa tiba ungefungwa. Mkewe, ambaye kwa miezi minane ndiye aliyeshika mkasi, alikuwa amempigia shati pasi. Kisha akatandaza kitambaa cha sare za shule juu ya meza ya kukatia, akaweka mkasi upande wa kulia, akaaga anakwenda kununua nyuzi. Mkasi ulisema vya kutosha.

Hayo yote Fundi aliyaeleza benchini kwa sentensi tano. Karani alisikiliza mpaka mwisho.

"Nina swali moja," alisema. "Bangili hii imezunguka kijiwe kizima, wiki kumi, na mimi nimeketi hapahapa. Kwa nini sikupewa?"

"Mzee, wewe unatikisa mdomo tu," alisema Shoka. "Bangili haihesabu mdomo."

"Mimi hukunja gazeti."

"Mara moja kwa siku!"

"Kwa mkono wa kulia," alisisitiza Karani, na ilionekana wazi kwamba ameumia.

"Hayo mtayagombea baadaye," alisema Mama Birika. "Saa nne kasorobo hii. Vifungo vitano. Mnafanyaje?"

Wote wakatazama vifungo vya shati la Fundi. Vilikuwa vidogo, vyeupe, na havikuwa na huruma.

"Mwambie mtandao mbovu," alipendekeza Wembe.

"Nimesema hivyo mara sita. Mkuu wa kitengo ameniambia safari hii atasubiri mpaka utengemae."

"Sema una mafua."

"Ya mkono?"

Shoka alisimama. Alikuwa mtu mpana, na aliposimama benchi lilipumua. "Jamani, tunahangaika bure. Mkono wanaoutaka ni upi? Si huu?" Akaupandisha mkono wake wa kulia hewani. "Wiki kumi wamekuwa wakiupongeza huu. Basi waoneshwe huu. Mimi nakaa nyuma yako, Fundi, mkono wangu unapita kwenye mkono wa shati lako, wako unakaa ndani umepumzika. Wewe kazi yako ni uso tu."

"Huo ni udanganyifu," alisema Karani.

"Ni mwendelezo, mzee. Udanganyifu ulianza zamani."

Fundi alitaka kukataa. Alifungua kinywa kabisa. Lakini alifikiria nyota sitini na moja, akafikiria lile gazeti, akafikiria sauti ya yule dada itakavyobadilika akijua, na kinywa kikajifunga chenyewe. Aibu ni mzigo wa ajabu: mtu huubeba kwa mkono uleule aliosema hauwezi kubeba kitu.

Walimpanga kwa uangalifu. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, juu ya stuli. Fundi aliketi mbele, na Shoka akapiga magoti nyuma yake juu ya kreti la soda, kichwa ameinamisha, kitambaa cha kunyolea cha Wembe kikiwa kimewafunika wote wawili mabegani. Mkono wa Shoka ulipita kwa shida, mshono wa kwapa ukalia. Fundi, ambaye alikuwa ameushona mshono huo mwenyewe, alihisi uchungu wa kitaaluma.

"Ulinawa?" alinong'ona.

"Nilipangusa."

Nzi mmoja, aliyemfahamu Shoka kwa miaka mingi, akatua juu ya mkono huo na kukaa.

Saa nne kamili simu iliita. Kwenye kioo akatokea dada wa tiba ya viungo, na kando yake mwanamume mwenye miwani na tai, ambaye alikuwa ameketi kama mtu anayetazamia kupigwa picha.

"Shikamoo, Baba Fundi," alisema dada. Hakuwa ameuona uso wake kwa muda mrefu, akautazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. "Uko wapi hapo?"

"Marahaba, mwanangu. Niko… kwa kinyozi."

"Vizuri sana, unatoka na kuchangamana na watu," alisema mkuu wa kitengo, akaandika. "Tuanze. Mzee, tafadhali nyanyua mkono wa ku—"

Mkono ulikuwa umeshafika juu. Ulipanda kwa kishindo, ukachukua kofia ya Fundi njiani, ukabaki hapo juu umekunja ngumi.

"Ajabu!" alisema mkuu. "Hata amri haijaisha. Na umeona, dada, ulivyonenepa? Ni mara mbili ya ule wa kushoto. Haya ndiyo mazoezi."

"Naona," alisema dada.

"Sasa shika kikombe kilicho mbele yako."

Shoka, ambaye hakuona chochote isipokuwa mgongo wa Fundi, alipapasa. Alishika goti la Fundi. Alishika stuli. Alishika sikio la Karani, aliyekuwa amesogea karibu mno ili kushuhudia. Mwishowe alikipata kikombe, akakishika kama anavyoshika paja la ng'ombe, na mpini ukabaki kidoleni huku kikombe kikienda zake.

"Nguvu zipo," alisema mkuu wa kitengo, akiandika. "Uratibu tutasema unaendelea."

"Kikombe changu hicho," alisema Mama Birika kutoka pembeni, kwa sauti isiyo na hasira wala msamaha.

"Vifungo," alisema dada. "Baba Fundi, fungua kifungo cha juu."

Vidole vitano vya Shoka vilikishambulia kifungo cha kwanza. Vilikizunguka, vikakibana, vikateleza, vikarudi. Kila kimoja kilikuwa kipana kuliko kifungo chenyewe. Fundi alihisi pumzi ya moto shingoni. "Hiki kitu kina mlango kweli?" ilinong'ona pumzi hiyo.

"Shoka, toka!" alinong'ona Wembe, ameshika ukuta kwa hamaki. "Hiyo kazi ya Jumatatu! Hiyo ni yangu!"

Mama Birika alifanya uamuzi wa haraka. Alitupa kitambaa cha vyombo juu ya simu na kusema kwa sauti kuu, "Mtandao!" Kwa nusu dakika hapo palikuwa na mvutano, kukanyagana na neno moja ambalo Karani aliomba lisiingizwe kwenye kumbukumbu. Kitambaa kilipoondolewa, Fundi alikuwa ameketi vilevile, ila mkono uliotoka kwenye shati lake sasa ulikuwa mwembamba, laini, unanukia sabuni, nao ukavifungua vifungo vitano na kuvifunga kabla mkuu wa kitengo hajavaa vizuri miwani yake.

Mkuu alimaliza kuivaa, akasogea karibu na kioo.

"Huu mkono," alisema mkuu polepole, "dakika moja iliyopita ulikuwa na nywele."

"Amenyolewa," alisema Mama Birika.

Mkuu alifikiri. "Ah. Kweli yuko kwa kinyozi." Akaandika.

Dada wa tiba ya viungo hakuandika. Alikuwa ameinamia kioo mpaka uso wake ukakijaza. "Baba Fundi," alisema, "sina jaribio jingine. Nataka tu kujua. Tangu mkono urudi, umeshona nini?"

Fundi alifungua kinywa. Angeweza kusema suruali. Angeweza kusema mapazia. Hakuna mtu anayedai kuoneshwa mapazia. Lakini mkono wa Wembe, ambao haukusikia swali vizuri, ulifikiri umeulizwa habari za afya. Ukanyanyua dole gumba juu, mbele ya kifua cha Fundi, likasimama wima, zuri, lenye furaha.

Fundi alilitazama dole hilo. Lilikuwa limekaa mahali palepale ambapo lake lingepaswa kukaa. Halikumjua. Chini ya shati, mapajani, alijaribu kulisogeza lake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe akiwa nje, na humo ndani hapakuwa na aliyeitika.

"Wembe," alisema. "Toa mkono wako."

"Si tumeshafaulu?" ilinong'ona sauti ya nyuma.

"Toa mkono wako, kijana."

Mkono ukarudi kinyumenyume kwa huzuni. Kwa mkono wa kushoto Fundi aliuchopoa wa kulia kutoka ndani ya shati, akaupitisha, akauweka juu ya stuli mbele ya simu. Ulikaa vidole vimejikunja. Hakuna aliyeudhania kuwa wa mtu mwingine.

"Huu ndio wangu," alisema. "Sijashona kitu, mwanangu. Hata uzi sijaupitisha kwenye sindano."

Mkuu wa kitengo alivua miwani, akaivaa. "Samahani. Ule wa nguvu ulikuwa wa nani?"

Shoka alijitokeza upande mmoja wa kioo, akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Wangu, mkubwa. Mimi ni Jumamosi."

"Na wa vidole?"

"Jumatatu," alisema Wembe, akijitokeza upande wa pili.

"Na wa Alhamisi alasiri?"

Hapo hata Fundi aligeuka, kwa maana Alhamisi alasiri Shoka huenda mnadani kununua ng'ombe, na Fundi aliamini kwamba bangili hubaki kwenye droo. Mama Birika aliendelea kusuuza kikombe kwa muda unaotosha kusuuza vitatu.

"Ilikuwa inalia njaa ndani ya droo," alisema hatimaye. "Nikaivaa. Nilikuwa namimina tu."

"Na wewe pia?" alisema Karani. "Hata *Mama*?"

Mkuu wa kitengo aliinamia karatasi zake. Alionekana akipiga hesabu fulani, na hesabu hiyo haikuwa ya mazoezi. "Tusiwe na haraka," alisema. "Tufikiri kwa utaratibu. Gazeti limeshatoka. Wageni wanakuja wiki ijayo kujifunza kutokana na mafanikio haya. Kwa upande wa takwimu, mkono wa kulia wa Namba Arobaini na Moja umepona. Hilo halibadiliki, limo kwenye mfumo. Tunaweza kusema mkono umehitimu, na mgonjwa mwenyewe atafuata."

"Atafuata vipi, mkubwa?" aliuliza dada.

"Kwa wakati wake."

"Aliyehitimu haruhusiwi kuandikishwa tena. Utaratibu huo uliuandika wewe." Akamgeukia Fundi kwenye kioo. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, na visingizio bado havikuwa na njia ya kupita. "Baba Fundi, nakueleza ilivyo, uchague mwenyewe. Ukihitimu, unapata cheti, unarudisha bangili, na mimi na wewe tumemalizana. Ukifeli, nyota zote zinafutwa. Unaanza wiki ya kwanza, kikombe na kitambaa, na nitakupigia kila siku mbili. Kwa video. Kila mtu atajua umeanza upya, kwa sababu itabidi gazeti lisahihishe. Na sikuahidi kwamba mkono utarudi. Wiki kumi zimepotea, nazo zilikuwa wiki nzuri."

Benchi zima likaanza kusema kwa pamoja.

"Usifeli!" alisema Shoka. "Fundi, wiki kumi za bega langu! Nimekata nyama hata pale ambapo mteja hakutaka ikatwe, kwa ajili ya nyota zako!"

"Sitini na moja," alisema Wembe. "Hakuna mtu mtaa huu aliyewahi kupata nyota sitini na moja. Unazifuta kwa sababu gani? Chukua cheti, tukitundike kwangu ukutani, tuseme kilipatikana kwa ushirikiano."

"Kisheria," alisema Karani, "cheti cha mkono usio wake ni sawa na hati ya kiwanja cha jirani. Unaweza kukitundika, huwezi kujenga."

"Kwa hiyo unasema afeli?"

"Mimi nasema napinga."

"Unapinga lipi?"

"Kwa ujumla."

"Ninyi nyote nyamazeni," alisema Mama Birika. "Aliyeulizwa ni mwenye mkono. Mmemwazima mikono yenu wiki kumi, hamjachoka?" Akamtazama Fundi. "Sema, ndugu yangu. Lakini ujue, ukifeli watu watacheka. Nitacheka na mimi, kidogo, Jumamosi, halafu nitaacha."

Fundi aliutazama mkono wake juu ya stuli. Nzi yule wa Shoka alikuwa ameuacha mkono wa mwenyewe akaja kutua juu ya huu, kwenye kucha ya dole gumba, akawa anasugua miguu yake. Fundi alitaka kumfukuza. Alitaka sana. Alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikasimama na kijasho kikachomoza juu ya mdomo, na wenzake wote wanne, pamoja na wawili wa kwenye kioo, wakatazama bila kupumua. Kidole hakikusogea. Nzi alimaliza shughuli zake kwa amani, akaruka alipotaka mwenyewe.

"Umeona?" alimwambia dada.

"Nimeona," alisema dada. "Na nimeona bega lako lilivyojaribu. Hilo bangili haikuwahi kuniletea."

Fundi akanyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alikitazama kioo moja kwa moja, kama mshonaji anavyomtazama mteja anayetaka suti ya siku mbili.

"Andika, mwanangu," alisema. "Sijapona."

"Mzee," alisema mkuu wa kitengo, "ungefikiri kwanza. Kupona kumeshachapishwa."

"Basi nimekataa kupona. Mwandike namba arobaini na moja amefeli, darasa la kwanza, na simu ipigwe kesho."

"Kesho saa nne," alisema dada, na safari hii akaandika.

Kioo kikazima. Shoka alikuwa akijisugua bega kama mtu aliyefiwa nalo. Wembe aliikunja shuka yake ya kunyolea katika mikunjo sawasawa. Karani alikuwa ameshaitoa kalamu, akisubiri neno litakalofaa kuhifadhiwa.

Fundi alisimama. Aliuchukua mkono wake wa kulia kutoka kwenye stuli kwa ule wa kushoto, akaulaza kifuani kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akawageukia.

"Ninyi pia sikieni," alisema, "nisije nikarudia. Bangili haitoki kwenye mkono huu tena, hata ikinitukana mbele ya mteja. Mama, kikombe nitakulipa kingine, na hicho nitakachokishika kesho kiwe cha bati. Na kuanzia kesho, atakayeketi kwenye benchi hili saa nne aje na mkono wake, aondoke na mkono wake."